Wadogo zangu wa stoo, hesabuni siku

Juzi dogo wa zamu ya usiku kaniletea barua ya kuachishwa kazi, kaikunja mara nne, tarehe yake ya miezi miwili nyuma. "Kaka, HR aliniambia nivute subira." Nilitaka kumzaba kibao, nikakumbuka na mimi niliivuta subira hiyohiyo.

1. Mkataba usomwe kabla ya kusaini, na nakala ibaki kwako.

2. Ovataimu ni mara moja na nusu, si "tutaangaliana". Saa zako ziandike kwenye daftari lako mwenyewe.

3. Ukiachishwa na unaona umeonewa, una siku 30 za kufika CMA, ile tume ya Tanzania inayosuluhisha na kuamua migogoro ya kazi. Jumapili nayo inahesabiwa. Mimi nilitolewa kwa katoni sita zilizopotea, ambazo wiki iliyofuata zilionekana nyuma ya mzani, zimefunikwa turubai. HR akanipigia: "Tulia, suala lako liko mezani kwa mkurugenzi." Nikatulia. Kila Jumatatu napiga simu, kila Jumatatu mkurugenzi kasafiri. Nyumbani nilidanganya kwamba niko likizo. Sasa likizo yetu ni siku 28, na mke wangu anajua kuhesabu. Siku ya 29 asubuhi akaniuliza, "Baba Neema, hurudi kazini?" Nikamjibu kwa ukali. Laiti ningevaa viatu saa ileile! Nilifika CMA siku ya 43. Karani akahesabu kwa ncha ya kalamu kwenye kalenda ya ukutani, akanipa fomu ya kuombea kuongezewa muda. Mbele ya mwamuzi nikaulizwa nilikuwa wapi siku zote hizo. Nikasema nasubiri kuitwa. Kuitwa na nani, barua iko wapi? Sikuwa na hata meseji moja. Maombi yakatupwa, na habari ya katoni hakuna aliyewahi kuisikiliza.

4. Kwa hiyo ongeeni na HR mpaka mchoke, lakini Fomu Namba Moja, ile ya kufungulia mgogoro CMA, iwe imeshajazwa, na mwajiri kasaini kupokea nakala yake.

5. Na wewe wa mwezi wa tatu unayemtunishia msuli sapavaiza: kabla ya kutimiza miezi 6, kinga ya kuachishwa isivyo halali bado haikuhusu. Punguza.

Yule dogo nimekaa naye jana kujaza maombi. Penye sababu za kuchelewa kaandika, "Nilikuwa navuta subira." Nimempa karatasi nyingine.