Punda na mbuzi ua mmoja: ya kujua kabla hujawachanganya

Makosa mengi ya kuchanganya punda na mbuzi hapa Lamu huanza siku chache kabla ya Idi ya kuchinja. Mbuzi wamenunuliwa bara, wamevushwa kutoka Mokowe kwa mashua, wamefika jioni wakiwa na uchovu na kiu, na ua pekee wenye mlango wa kufungika ni ule wa punda. Wanasukumwa ndani, mlango unafungwa, watu wanakwenda kuswali Isha. Kama waliomo ni punda jike wawili waliozoea mbuzi, pengine kutakucha salama. Kama yumo dume, au jike mwenye mtoto mchanga, utakuta mbuzi amelala kando ya ukuta ana alama za meno shingoni.

Wewe unayeanza, usimwite punda huyo mbaya. Punda hamjui mbuzi mpaka amzoee. Kiumbe kidogo kinachopita mbio chini ya tumbo lake anakihesabu kama mbwa, na kwa mbwa ana silaha mbili: meno na kwato za mbele. Hulaza masikio nyuma, huinamisha kichwa na kunyoosha shingo, kisha hukamata mbuzi mgongoni au shingoni, humnyanyua na kumtikisa, au humpigia magoti. Tabia hiyohiyo ndiyo inayowafanya wafugaji wa sehemu nyingine wamweke punda kati ya mbuzi ili afukuze mbwa na wanyama wa mwituni. Huwezi kupata ulinzi huo bila kubeba na hatari yake, kwa hiyo kazi yako ni kupanga nani akae na nani, wapi, na saa ngapi.

Tuanze na nani. Punda dume asiyehasiwa asikae na mbuzi hata kama watoto wanampanda na kumvuta masikio. Upole wake kwa watu si upole wake kwa mbuzi, na akisikia harufu ya jike aliye kwenye joto, chochote kilicho karibu kinapigwa. Madume wanaotunzwa kwa mashindano ya Maulidi wawe na banda lao kabisa. Dume akihasiwa, mpe wiki 8 kabla hujamjaribu na mbuzi, maana damu haipoi siku ya kisu. Punda jike ndiye bora, isipokuwa anapokaribia kuzaa na miezi ya kwanza baada ya kuzaa. Mimba ya punda huchukua takriban miezi 12, ya mbuzi siku 150, basi andika tarehe ya kupandishwa ukutani kwa mkaa ikibidi. Mbuzi mwenye mimba aondolewe kwenye ua wa punda wiki 2 kabla ya kuzaa, na arudi na watoto wakiwa na umri wa mwezi mmoja, wanapoweza kukimbia wakafika mbali. Kitoto kilichozaliwa usiku, kibichi, kinachojikongoja kati ya miguu ya punda, hakina bahati.

Kwa upande wa mbuzi, beberu naye ana lawama zake. Akiwa na nyege hupiga kichwa kila kitu, na pembe zake ziko sawasawa na tumbo na magoti ya punda, na punda akilala ziko sawasawa na jicho. Kama unaweza, chagua mbuzi wasio na pembe. Vichipukizi vya pembe daktari wa mifugo huvichoma mtoto akiwa na siku 4 hadi 10. Pembe zilizokwisha kukomaa usizikate mwenyewe, kwani ndani zina damu na shimo linaloingia hadi kwenye fuvu. Punguza ncha tu kwa tupa mpaka ziwe butu.

Jambo moja zaidi kuhusu nani: usinunue punda mmoja ukadhani mbuzi watamtosha kwa wenzake. Punda huungana na punda. Akibaki peke yake hununa, huacha kula, na punda akikaa saa 24 bila kula, mafuta ya mwilini huanza kumwagika kwenye damu na kuharibu ini, hasa akiwa mnene au ana mimba. Hali hiyo ni ya kumwita daktari siku hiyohiyo. Wawili wawili, kisha mbuzi juu yao.

Ua. Ndani ya banda, pima mita mraba 4.5 kwa kila punda na 1.5 hadi 2 kwa kila mbuzi mkubwa, halafu nje kuwe na nafasi ya mbuzi kukimbia na kugeuka. Ua wa boriti za mikoko unafaa kuliko wavu, kwa kuwa mbuzi mwenye pembe huingiza kichwa kwenye tundu la wavu, hushindwa kukitoa, na akishakwama hivyo punda anamfikia. Kama lazima uwe wavu, tundu liwe dogo kuliko upana wa kichwa cha mbuzi. Kona za ua ndizo mahali mbuzi wanapobanwa na kuuawa. Zikate kwa kulaza pau mbili mshazari katika kila kona, ili anayefukuzwa ateleze na kuendelea badala ya kugota.

Kisha jenga kimbilio. Tenga sehemu moja ya ua kwa boriti, acha mlango wa upana wa sentimita 40, na juu yake laza boriti kwa urefu wa sentimita 75 kutoka chini. Mbuzi anapita bila kuinama, punda mkubwa hapiti. Kitoto cha punda kinaweza kupita, kwa hiyo ukiwa nacho kiangalie. Ndani ya kimbilio ndimo mbuzi walalie na ndimo wale pumba na chumvi yao. Usiku, ziba mlango huo. Msimamo wetu ni kwamba punda na mbuzi hawalali pamoja, hata wawe wamezoeana miaka mitatu. Mchana mtu yupo na ataona. Usiku paka akiruka ukutani punda wakashtuka, hakuna wa kuwatenganisha.

Na kamba: mbuzi aliyefungwa kamba kati ya punda waliofunguliwa hana pa kukimbilia. Ama wote wafunguliwe, ama mbuzi wakae upande mwingine.

Kuwazoesha huchukua wiki 3 hivi, na haraka haisaidii. Wiki 2 za kwanza waone na kunusana kupitia boriti, kila kundi upande wake, ukilisha pande zote mbili karibu na kizuizi ili wale wakitazamana. Wiki ya tatu wachanganye asubuhi, punda wakiwa wameshiba, watu wawili wakiwepo na fimbo, nusu saa siku ya kwanza, halafu ongeza. Weka nyasi mafungu mengi kuliko idadi ya wanyama, yaliyoachana hatua kadhaa. Punda anayegeuza makalio au kusogeza mbuzi kwa pua anaongea tu. Anayemfuata mbuzi mmoja yuleyule kwa shingo iliyonyooka, akaacha chakula chake kumfuata, mtoe, na usimjaribu tena mwezi huo.

Punda wa kazi wana saa yao mbaya, nayo ni alasiri wanaporudi kutoka kubeba mchanga, matofali na simenti. Mgongo unauma, ana njaa, hana subira. Mvue matandiko, mpe maji, mwache agaragare mchangani, mpe nyasi, na ndipo mbuzi wafunguliwe. Matandiko yatundike juu, maana mbuzi hufuata chumvi ya jasho, hutafuna gunia na kigwe, na wakimkuta punda mwenye kidonda cha mgongo hutaka kukiramba.

Maji ya punda ni lita 15 hadi 25 kwa siku, ya mbuzi 3 hadi 6, zaidi wakati wa kaskazi. Tumia vyombo viwili: cha punda kiinuliwe sentimita 60, cha mbuzi 30. Mbuzi akipanda kwenye chombo cha punda hunya ndani, halafu yeye mwenyewe hakubali kuyanywa.

Chakula kinataka uangalifu kuliko watu wanavyodhani. Punda ameumbwa kwa majani makavu yenye nyuzi nyingi, kidogo kidogo siku nzima. Mbuzi ni mla vichaka. Mahindi yaliyomwagwa kwa wote yanawaumiza wote: mbuzi hupata tindikali tumboni, punda hupata msokoto wa tumbo au kuvimba ndani ya kwato hadi asiweze kusimama. Kisamvu kibichi ni hatari zaidi kwa mbuzi, kwa vile tumbo lake hufungua sumu yake upesi. Mbarika na mbono kaburi ving'olewe kwenye ua na vichomwe, hasa mbegu.

Lakini chakula kinachoua punda bila onyo ni cha kuku. Vyakula vingi vya kuku wa nyama huwekwa dawa ya kuzuia ugonjwa wa kuhara damu, na mojawapo ni monensini, miligramu 100 hadi 125 kwa kila kilo ya chakula. Kuku hawadhuriki. Kwa jamii ya farasi na punda, miligramu 2 hadi 3 kwa kila kilo ya uzito wa mnyama zinatosha kuua. Piga hesabu: punda wa kilo 150 akitoboa gunia na kula kilo 3 au 4, amekula kifo chake. Hutokwa jasho, hulegea miguu ya nyuma, moyo hushindwa kupiga, na hakuna dawa ya kuiondoa sumu hiyo. Baadhi ya vyakula vya ng'ombe na mbuzi vilivyotengenezwa viwandani navyo vinayo. Soma karatasi ya gunia kabla ya kununua, na ghala liwe na mlango ambao punda hawezi kuufungua kwa midomo, kwani hujifunza.

Dawa ya kupe ni mtego mwingine. Amitrazi hutumika sana kunyunyizia mbuzi, na kwa mbuzi inafaa. Punda akinyunyiziwa, matumbo yake huacha kusukuma chakula, kinyesi hukauka ndani ya utumbo mpana, tumbo hujaa, naye hufa kwa maumivu. Nyunyizia mbuzi nje ya ua, wasirudi mpaka wakauke, na mabaki ya dawa usimwagie punda "yasipotee". Pampu ya mbuzi iwe ya mbuzi. Kwa kupe wa punda muulize daktari dawa nyingine. Tahadhari hiyohiyo iende kwa levamisoli ya minyoo: mbuzi huivumilia, kwa punda umbali kati ya tiba na sumu ni mdogo mno.

Kwenye minyoo lakini kuna faida ya kuwa pamoja. Mnyoo mnyonya damu wa mbuzi, ukiliwa na punda pamoja na nyasi, hufia tumboni mwake, na minyoo mingi ya punda haimdhuru mbuzi. Minyoo michache huishi kwa wote wawili, hivyo usiache kukagua. Mbuzi mfunue ukope wa chini: wekundu ni salama, weupe kama karatasi ni upungufu wa damu, mpe dawa leo.

Sasa pepopunda. Jina lenyewe linakuonya. Vijidudu vyake hukaa matumboni mwa punda bila kumsumbua, hutoka na kinyesi, na hudumu udongoni miaka mingi. Mfugaji anayehasi vitoto vya mbuzi kwa pete ya mpira ndani ya ua wenye kinyesi cha punda anavipandia ugonjwa. Nyama iliyokosa damu chini ya pete ndiyo nyumba vijidudu hivyo vinayoipenda. Kati ya siku 4 na wiki 3 baadaye kitoto kinatembea miguu mikavu kama ya meza, masikio yamesimama, taya hazifunguki, mlango ukigongwa kinaanguka kikiwa kimekakamaa. Wachache sana hupona. Hasi mahali pengine, pakavu, palipofagiwa, wakati wa jua, si wa masika. Chanja: punda sindano 2 zilizoachana wiki 4 hadi 6, mbuzi sindano 2 zilizoachana wiki 3 hadi 4, kisha kila mwaka. Mbuzi mwenye mimba achanjwe mwezi mmoja kabla ya kuzaa ili maziwa ya kwanza yawe na kinga. Chanjo hukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, basi inayovushwa kutoka bara iwe kwenye kibuyu cha barafu, isiachwe juani gatini. Na watoto wa binadamu wanaocheza peku katika ua huo nao wawe wamechanjwa.

Kisiwa chetu ni mchanga, na mnyama anayelishwa chini humeza mchanga. Pima hivi: chukua vinyesi 6 vya punda vya juu ya rundo, visivyogusa ardhi, vitie kwenye chupa angavu ya maji, tikisa, acha dakika 15. Mchanga hutua chini. Ukipita kijiko kimoja cha chai, inua hori, tandaza mkeka wa mpira chini yake, na ongeza nyasi kavu. Mifuko ya plastiki imekatazwa Kenya tangu Agosti 2017, ila vipande vya kamba za nailoni na nyavu bado vinazagaa ufuoni na vichochoroni, na mbuzi na punda hula vyote. Mbuzi anayekonda huku ubavu wa kushoto umejaa daima, mara nyingi ni hivyo vilivyomo.

Kabla ya kufunga usiku, pita na taa: hesabu mbuzi ndani ya kimbilio, ziba mlango wa sentimita 40, papasa shingo na mgongo wa kila mbuzi mpya kutafuta unyevu wa damu chini ya manyoya, maana jeraha la meno ya punda huwa dogo nje na pana ndani, kisha tazama kama punda wote wanatafuna.