Mbona mbwa adungwe dawa ya kutuliza na hali hapumui?

Swali: Daktari, bulldogi wangu wa kilo 20 alikuwa akicheza ufuoni Shelly saa tisa alasiri, akaanza kukoroma akiwa macho, ulimi ukawa zambarau. Kliniki walimpa oksijeni, wakamdunga dawa ya kutuliza, eksirei wakaiahirisha. Si hatari hiyo? Nami nifanye nini ikitokea tena? Msomaji, Likoni.

Jibu: Walifanya sawasawa, ndugu yangu. Bulldogi ana matundu ya pua finyu na kaakaa laini refu linalolegea hadi kooni. Akihangaika huvuta hewa kwa nguvu, na mvuto huohuo hulinyonya kaakaa ndani, nyama zikavimba, njia ikazidi kuziba. Hofu humfanya avute zaidi. Butofanoli, dawa ya kutuliza, miligramu 4 hadi 8 kwa uzito wake, hukata mzunguko huo. Ila asiachwe peke yake hata dakika moja, na mpira wa kumpitishia hewa uwe tayari, tena wa saizi ndogo kuliko unavyodhani, maana koromeo lake ni jembamba. Kumbana mezani kwa eksirei katika hali ile kungeweza kumuua.

Joto nalo huchangia sana. Mbwa hujipoza kwa kuhema, na hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi, mate hayakauki upesi.

Ikitokea tena, mtoe kola, mpeleke kivulini, mmwagie maji ya bomba tumboni na mapajani huku feni ikimpuliza. Usimfunike taulo, hufungia joto. Mwache akae apendavyo, shingo imenyooka; usimlaze kwa nguvu. Maji usimmiminie mdomoni, yatamwingia mapafuni. Kipimajoto cha njia ya haja kubwa kikishuka hadi nyuzi 39.5, acha kumpoza, la sivyo atapitiliza kwenye baridi. Safari ianze akiwa keshaloweshwa, na piga simu kliniki kabla hujafika kwenye foleni ya feri, wakuandalie oksijeni.

Sikiliza pia sauti. Mkoromo wakati wa kuvuta hewa ni wa kooni. Mbwa anayehema harakaharaka kimya, tumbo likipanda na kushuka, shida yake huwa mapafuni au kifuani, na huyo hutibiwa vingine kabisa: maji yaliyojaa mapafuni kwa ugonjwa wa moyo hutolewa kwa furosemidi, dawa ya kukojoza, hewa iliyonaswa kifuani hutolewa kwa sindano.

Wako akitulia, muulize daktari kuhusu upasuaji wa kupanua pua na kufupisha kaakaa. Matembezi yawe alfajiri, kwa mkanda wa kifuani, si kola.