Dada, weka chupa ya mawese kwenye mizani

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa mtaa wa Panzi, hapa Bukavu, aliniandikia: "Dada, nakula kidogo, soda nimeacha, mandazi nimeacha, lakini kilo hazishuki. Wewe ulifanya namna gani?" Ujumbe wake umenigusa sana. Najua uchovu huo. Na leo nasema kwa furaha kwamba nguo nilizozifungia sandukuni tangu nilipojifungua mara ya pili zinanienea tena.

Jibu langu: pima mafuta. Wengi wetu tunalikodolea macho bugali na kusahau mawese. Gramu 100 za unga wa muhogo zina karibu kalori 350, ila gramu 100 za mawese zinakaribia 900. Tena hapa Bukavu, kwenye mita kama 1,500, asubuhi mawese huganda. Kijiko cha supu cha mafuta yaliyoyeyuka, kilichojaa sawasawa, ni kalori 120 hivi. Nilipochota yaliyoganda, kijiko kikaja na kichuguu juu yake, na mizani ikasoma gramu 22. Hizo ni karibu kalori 200, na sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, huwa haiishii kijiko kimoja.

Kwa hiyo kijiko nimekiweka kando. Napima chupa, namimina, napima chupa tena. Kilichopungua ndicho kilichoingia sufuriani. Sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, za kukaanga ni vilevile: pima mafuta kabla, kisha pima yaliyobaki.

Bugali nalo lipime likiwa bado unga, maana maji hubadilisha uzito kila siku. Tuseme umesonga gramu 800 za unga, kama kalori 2,800. Bugali likiiva lina kilo 2.4. Tonge lako la gramu 300 ni sehemu moja ya nane: kalori 350. Pima sufuria tupu mapema, uandike uzito wake kwenye karatasi ukutani, ili uutoe unapopima bugali likiwa sufuriani. Mchele na maharage, hesabu ni hiyohiyo: pima vikavu.

Sasa niseme la moyoni. Kwenye karamu ya familia, mama mdogo mmoja alitangaza mbele ya wakwe kwamba mimi nahesabia watoto wangu matonge. Uongo. Watoto wangu wanakula mpaka washibe. Sahani inayopimwa ni yangu peke yangu. Watu walicheka, na mpaka leo nikikumbuka, chakula kinanikwama. Wengine walinong'ona kwamba nimekonda kwa ugonjwa. Dada zangu, msikubali. Kupima si uchoyo, wala si kujifanya mzungu. Mama zetu sokoni Kadutu wanapima unga wa kuuza bila kuona haya. Kwa nini wewe uone haya kupima unaokula? Pima. Andika. Usikadirie kwa jicho, jicho lenye njaa linadanganya. Pima tena kesho.

Kwako wa Panzi: kabla ya yote, ikague hiyo mizani. Weka chupa tupu juu yake, bonyeza irudi sifuri, kisha mimina humo maji ya nusu lita kutoka chupa mpya. Inapaswa kusoma gramu 500 au karibu sana. Ikisoma 460, badilisha betri, ujaribu tena juu ya meza isiyoyumba. Halafu niandikie sombe yako ya Jumapili imekula mafuta gramu ngapi.