Kabla ya Kubofya End Task: Programu Ipi Ifungwe, Ipi Iachwe

Msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu ukiingia, steshenari za Ngamiani hapa Tanga hujaa wanafunzi tangu asubuhi, na simu yangu haitulii. "Fundi, mashine imestaki na watu wamejaa." Nikifika, mara nyingi nakuta Task Manager, dirisha la Windows linaloorodhesha programu zinazofanya kazi, imeshafunguliwa, majina yasiyoeleweka yamejipanga juu mpaka chini, na aliyekaa kwenye kiti ananiuliza swali lile lile: nifunge ipi?

Usichague kwa ukubwa. Wengi huipanga orodha kwa RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambayo programu hutumia zikiwa wazi, kubwa juu ndogo chini, halafu wanaanza kuua kutoka juu. RAM ipo ili itumike. Ikiwa asilimia 60 au 70 hakuna ugonjwa hapo. Anza kuangalia inapokaribia 90 na diski nayo haipumziki, maana hapo Windows inahamishia mzigo wa RAM kwenye diski, na diski haina mbio za RAM. Kabla ya kufunga chochote, jiulize nani kaiwasha: ni wewe, ni programu uliyoiweka, au ni Windows yenyewe?

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Kwenye Processes, ukipanga kwa jina, utaona makundi matatu: Apps, Background processes na Windows processes. Apps ni zile ulizozifungua mwenyewe. Hizo funga ukitaka, ila hifadhi kazi kwanza, kwa sababu End task inaweza kuifunga programu bila kukuuliza kama unataka kusevu.

Windows processes ziache. Humo ndimo zilimo csrss.exe, wininit.exe, services.exe na lsass.exe, ambayo ndiyo inayoshughulikia nywila na ruhusa za kuingia kwenye mashine. Ukijaribu kuifunga csrss, Windows inakutolea onyo kwamba itashindwa kufanya kazi au itazima, na kwamba utapoteza usichokihifadhi. Onyo lile ni la kweli kabisa. Mwanafunzi aliyejaza fomu nusu saa nzima ataanza upya kwa sababu wewe ulikuwa unatafuta wepesi.

Inayowatisha watu zaidi ni svchost.exe, kwa wingi wake. Jina hilo moja hubeba huduma nyingi za Windows: sauti, intaneti, masasisho na kadhalika. Zamani huduma kadhaa zilirundikwa pamoja. Tangu sasisho la Windows 10 la mwaka 2017, mashine yenye RAM zaidi ya GB 3.5 huzitenganisha nyingi kati ya hizo, kila moja na svchost yake, ili moja ikianguka isiziangushe nyingine. Kwa hiyo ukizikuta 60 au 70, mashine yako haijaingiliwa.

Hata hivyo jina pekee lisikutoshe, na hapa naomba wenye steshenari wanisikilize kwa makini, kwa kuwa mashine zenu zinapokea flashi za watu kutwa nzima. Virusi hupenda kujiita majina ya Windows. Bofya batani ya kulia ya mausi juu ya jina unalolitilia shaka, uchague Open file location. Svchost ya kweli inakaa System32 au SysWOW64, ndani ya folda ya Windows. Explorer.exe inakaa kwenye folda ya Windows moja kwa moja. Ukipelekwa AppData, Temp au ndani ya flashi, na jina ni la Windows, hiyo funga bila huruma. AppData yenyewe haina kosa, programu nyingi halali zinakaa huko. Kinachotia shaka ni jina la Windows kukutwa mahali pasipo pake. Soma na herufi vizuri: scvhost si svchost. Kuifunga peke yake hakutoshi, kwa sababu ukiwasha mashine kesho inarudi. Ingia Windows Security, uchague ule ukaguzi wa Offline. Mashine itajiwasha upya na kukagua kabla Windows haijaamka, wakati virusi havijapata nafasi ya kujificha.

Sasa vivinjari na Background processes, ambako ndiko nafuu inakopatikana. Vivinjari kwanza. Chrome moja inaweza kuonyesha mistari kumi na zaidi kwa sababu kurasa na viongezi hupewa michakato yao. Usiufunge mmoja kwa kubahatisha. Ukiwa ndani ya Chrome bonyeza Shift na Esc, itakuletea orodha yake yenyewe yenye jina la kila ukurasa, nawe utaona ni upi unaokula. Programu zinazojisajili zenyewe kuwaka pamoja na mashine nazo ni nyingi: za muziki, za michezo, za mikutano, wasasishaji wa hiki na kile. Kuzifunga kila asubuhi ni kujichosha. Nenda Startup, humo humo ndani ya Task Manager, uziweke Disabled. Programu haifutiki, inasubiri tu mpaka uiite.

Lakini kuna tatu ndani ya Background processes nakuomba uziache. Ya kwanza ni ya padi ya kugusa na ya sauti; ukiifunga utashangaa vidole viwili havisogezi tena ukurasa. Ya pili ni Antimalware Service Executable, kinga ya Windows. Ikiwa inakagua diski itapanda, kisha itashuka yenyewe. Ya tatu ndiyo inayoniumiza roho kwenye maduka ya dawa na ya vipuri: sqlservr.exe au mysqld.exe. Mwenye duka anaona jina halijui, linakula RAM, analifunga. Kumbe hapo ndipo mauzo na stoki vinapohifadhiwa, na programu ya kuuzia inakataa kufunguka wateja wakiwa wamesimama kaunta. Kama duka lako linatumia mfumo wa mauzo uliowekwa kwenye kompyuta hiyo hiyo, muulize aliyekuwekea hifadhidata inaitwaje, uliandike jina hilo kwenye karatasi na kulibandika ukutani.

Printa nayo ina habari yake. Kazi moja ikikwama, nyingine zote zinapanga foleni nyuma yake, na ukiifuta inabaki imeandikwa Deleting mpaka jioni. Watu huzima kompyuta nzima. Huna haja. Bonyeza Windows na R, andika services.msc, tafuta Print Spooler na uisimamishe. Fungua C:\Windows\System32\spool\PRINTERS, ufute vilivyomo ndani, folda yenyewe uiache, kisha uiwashe tena Print Spooler. Kumbuka kazi zote zilizokuwa kwenye foleni zitapotea, kwa hiyo waambie wateja kwamba unazituma upya. Hii ni huduma ya Windows unayoruhusiwa kuisimamisha, mradi unajua unachokifanya na unairudisha.

Na mstari wa chini wa skrini ukiganda, saa imesimama, Start haifunguki, tafuta Windows Explorer kwenye orodha na ubofye Restart. Skrini itapepesa kidogo, folda zilizokuwa wazi zitafungika, lakini Word na kivinjari vitabaki vilivyo.

Ukishayafanya haya na mashine bado inajikokota, acha kutafuta wa kumfunga. Angalia safu ya Disk: ikikaa asilimia 100 mara kwa mara na ndani kuna diski ile ya kuzunguka, hela yako ipeleke kwenye SSD, diski ya kasi isiyozunguka, kabla ya kitu kingine. Kisha sikiliza feni. Kwa joto letu la pwani na vumbi la barabarani, feni ikiziba prosesa inachemka, na prosesa ikichemka inapunguza kasi yenyewe ili isiungue. Hiyo hufungui Task Manager, unachukua bisibisi na brashi.