Testi ya wiki ya 7, karatasi 180: maoni niandike vipi?

Swali: Mkuu habari, mimi ni mwalimu msaidizi, nafundisha takwimu mwaka wa pili, darasa la watu 180. Testi ya kwanza imeshapita na karibu nusu wamefeli. Nataka niwape maoni yawasaidie kabla ya UE (mtihani wa mwisho wa muhula), ila nikiandika kila karatasi nitakesha mwezi mzima. Nifanyeje?

Jibu: Salama mdogo wangu, kwanza usikeshe. Mi nilishajaza wino mwekundu karatasi mia na kitu, wiki tatu nzima, siku ya kugawa kila mtu kaangalia namba pale juu kakunja katia kwenye begi, na mada yenyewe tulishaivuka zamani.

Chukua karatasi 30 za mchanganyiko, zisome bila kuweka alama, pembeni unapiga vijiti kila kosa linapojirudia. Utakuta makosa makubwa ni matatu manne tu, ni yale yale. Kila kosa lipe herufi, kwenye karatasi unaandika herufi basi, maelezo yake unayaweka ukurasa mmoja, CR (kiongozi wa darasa) anawarushia kwenye grupu.

Sasa hayo maelezo ndo penye kazi. "Hujaelewa, soma zaidi" haimsaidii mtu, angejua asome nini si angesoma? Andika hivi: "Sampuli ni 12 na mkengeuko sanifu wa kundi zima hujapewa, kwahiyo hapa ni jaribio la t sio la z. Mpaka wako ni 2.201, sio 1.96. Wewe umepata 2.08, je bado unakataa nadharia tete? Rudia 3(b) ulete kwenye semina." Hapo mtu ana kitu cha kufanya, na anaona kabisa kosa dogo limemgeuzia jibu.

Alama wape baada ya hiyo semina. Mtafiti Ruth Butler alishalipima hili Israel, utafiti ukatoka 1988, waliopewa maoni matupu walifanya vizuri baadae kuliko waliopewa maoni pamoja na alama. Wale walikuwa watoto wa shule, sawa, ila hata hawa watu wazima wetu wakishaona namba hawasomi kingine. Watakupigia kelele kidogo, CA (alama za kabla ya UE) ina 40 zao mule, we vumilia siku mbili.

Wale wa chini kabisa, tuseme 15, hao ndo waandikie kwa mkono na uwaite ofisini mmoja mmoja, majina yao usiyatupe kwenye grupu.