Swali la lugha: alama hupangwa, huorodheshwa au huchambuliwa?

Swali: Nafundisha kompyuta katika shule ya sekondari mjini Mbale, Uganda. Wanafunzi wangu wameandika programu kwa Python, lugha ya kuandikia programu, inayoomba alama za mtihani, inazihifadhi kwenye orodha, inatafuta wastani, kisha inazionyesha kwa utaratibu. Tumetaka maneno yote ya kwenye skrini yawe ya Kiswahili, na hapo ugomvi ukaanza. Mmoja ameandika "orodhesha alama", mwingine "panga alama", wa tatu "chambua alama". Tena hawakubaliani kama ni "wastani hii" au "wastani huu". Nani yuko sahihi?

Jibu: Mwalimu, aliyeandika "panga" yuko sahihi, ila hajamaliza sentensi yake. Kupanga ni kuweka vitu kwa utaratibu fulani, lakini kitenzi chenyewe hakitaji ni utaratibu upi. Viti hupangwa, vyombo hupangwa, na nyumba nayo hupangwa kwa maana nyingine kabisa, ile ya mwenye nyumba anayedai kodi kila mwezi. Kwa hiyo programu iseme: "Panga alama kuanzia ya chini hadi ya juu." Yakiwa majina, "panga majina kialfabeti" inatosha.

Kuorodhesha ni kutia kitu kwenye orodha, kimoja baada ya kingine, kwa jinsi vinavyokuja. Programu yenu inafanya hivyo pia, ila mapema zaidi: kila mwanafunzi anapoandika alama na amri ya append kuiongeza mkiani mwa orodha, hapo alama inaorodheshwa. Kupangwa bado. Naye wa tatu alikuwa na neno zuri mahali pasipo pake. Anayechambua maharage hutoa mawe na punje zilizooza. Yanayobaki hayajapangwa mstari, yamesafishwa tu. Programu inayochambua alama ingeziondoa zile zilizo chini ya 40, tuseme. Lakini kwa kuwa kuchambua pia ni kuchunguza kitu sehemu kwa sehemu, mpeni kijana huyo haki yake: programu nzima iitwe "Uchambuzi wa alama".

Mkifika kwenye sort na sorted, njia mbili za Python za kupanga, sarufi yetu inawasaidia. alama.sort() ni amri, "panga orodha hii", na orodha ileile inabadilika. sorted(alama) inawapa orodha nyingine, "iliyopangwa", huku ya kwanza ikibaki kama ilivyokuwa. Mwanafunzi anayeandika alama = alama.sort() hupoteza alama zake zote na kubaki na None, yaani "hakuna kitu", kwa sababu amri imetekelezwa lakini haikurudisha kitu mkononi.

Hamkuniuliza tofauti ya tarakimu na namba, lakini nadhani hapo ndipo wengi watajikwaa. Tarakimu ni ishara ya maandishi, kuanzia 0 hadi 9. Namba ni kile kinachohesabika. Mtu akiandika 100 baada ya input, amri inayomsubiri aandike, Python haipokei namba mia moja. Inapokea tarakimu tatu zilizoandikwa, 1, 0 na 0, kama ambavyo ingepokea herufi za jina. Jaribuni alama nne: 75, 9, 100 na 56. Mkizipanga bila kuzigeuza kwanza, mtapata 100, 56, 75, 9. Kompyuta imezipanga kama maneno ya kamusi: imetazama tarakimu ya kwanza, ikaona 1 inatangulia 5, 5 inatangulia 7, na 9 ikaja mwisho. Pitisheni kila jibu kwenye int, tarakimu zigeuke namba, na mpangilio utakuwa 9, 56, 75, 100. Nimewahi kusoma maelezo ya Kiswahili yanayotumia "tarakimu" na "namba" kama pacha, na sioni jinsi msomaji wake angeielewa kasoro hii. (Nambari kwa namba si kosa. Vitabu vya Kenya hupenda nambari, vya Tanzania hupenda namba. Ninyi mlio jirani na wote wawili chagueni moja, lakini msizichanganye kwenye skrini moja.)

Vivyo hivyo kwa jumla na idadi. Mtaani tunasema "jumla ya wanafunzi ni 40" na tunaelewana. Ndani ya programu, jumla ni matokeo ya sum, inayojumlisha alama zote, na idadi ni matokeo ya len, inayohesabu ziko ngapi. Kwa alama zile nne, jumla ni 240 na idadi ni 4. Jumla ikigawanywa kwa idadi inatoa wastani wa 60.

Kuhusu ngeli, Kiswahili sanifu husema "wastani wa mvua", "wastani wa umri". Hiyo "wa" ndiyo inayoamua. Basi ni "wastani huu", "wastani umepanda", "wastani wenu". "Wastani hii" nimeisikia sana Uganda, ambako mazungumzo ya kila siku huvipa hii vitu vya kila ngeli, na sokoni hamna ubaya. Kwenye kazi ya shule hapana.

Ila waonyeni kwamba asili ya neno hilo ni Kiarabu, lenye maana ya katikati, na tunapomtaja mtu wa kimo cha wastani tunamwona yuko kati ya warefu na wafupi. Mwanafunzi anaweza kuamini kwamba lazima apange orodha kwanza ili apate wastani. Si lazima; 240 ikigawanywa kwa 4 ni 60 hata alama zikivurugwa vipi. Inayohitaji mpangilio ni alama ya katikati, na hapa, kati ya 56 na 75, ni 65.5.

Mwisho, "Ingiza alama" si kosa, ila mimi ningeandika "Andika alama, kisha bonyeza Enter". Mtoto aliyeketi mbele ya kibodi anajua kuandika ni kufanya nini.