Rais wa Marekani akisema "mshtakini yule", kuna sheria inamkataza?

SWALI: Shikamoo wakili. Mimi ni Mtanzania niko Houston, naendesha lori la masafa marefu, kwahiyo redio nasikiliza siku nzima mpaka masikio yanauma. Kila siku ni wizara ya sheria imegeuzwa silaha, mara Comey, yule mkuu wa zamani wa FBI, kashtakiwa, mara Letitia James wa New York, mara kesi zimefutwa. Nikiuliza kama rais anaruhusiwa kuagiza fulani ashtakiwe, mwenzangu mmoja anasema hilo ni kosa la jinai, mwingine anasema ni haki yake. Kwetu angalau kuna DPP, yaani Mkurugenzi wa Mashtaka, hapa DPP ni nani? Sheria yenyewe inasemaje? Na mimi mtu wa grini kadi inanihusu nini?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole na barabara. Jibu fupi litakuudhi: wenzako wote wawili wamekosea, ila huyo anayesema ni kosa la jinai ndo kakosea zaidi. Hakuna kifungu kinachosema rais wa Marekani asimpigie simu Mwanasheria Mkuu wake akamwambia shughulika na fulani. Cha ajabu ni kwamba kwenye kodi kipo. Tangu 1998 kuna sheria inayomkataza rais, makamu wake na watu wa ofisi zao kuagiza mamlaka ya kodi imkague mtu fulani au iache kumkagua, adhabu yake inafika miaka 5 jela. Yaani akiwaagiza TRA ya kwao wakupekulie mahesabu ya lori lako ni kosa, akiwaagiza FBI wakupekulie nyumba, kifungu kama hicho hukioni.

Na DPP hapa hakuna kabisa. Katiba yao haimtaji mwanasheria mkuu wala mwendesha mashtaka, inasema tu mamlaka ya utendaji ni ya rais na kwamba ahakikishe sheria zinatekelezwa kwa uaminifu, basi. Mwanasheria Mkuu kaletwa na sheria ya 1789, Wizara ya Sheria imeanza 1870, na chini yake wapo waendesha mashtaka wa shirikisho 93 waliogawanywa nchi nzima, rais anawateua, Seneti inawathibitisha, na rais akiamka vibaya anaweza kuwaondoa. Sasa linganisha na nyumbani: ibara ya 59B ya Katiba ya Tanzania inasema DPP atakuwa huru na hataingiliwa na mtu yeyote wala mamlaka yoyote. Kenya, ibara ya 157, ndo hivyohivyo, tena kule DPP akitaka kuiondoa kesi lazima mahakama iridhie. Kwahiyo kwa maandishi tumewaacha Wamarekani mbali sana, usicheke. Najua umeshaanza kuwaza habari za "maagizo kutoka juu", na mimi nawaza hizohizo, ndo maana nakwambia tusihangaike sana na maandishi.

Kilichokuwa kinawazuia marais ni desturi, na desturi yenyewe sio ya kale kama wanavyopenda kuisimulia. Hoover alikaa juu ya FBI kuanzia 1924 mpaka anakufa 1972, na humo katikati FBI ilimfuatilia Martin Luther King kila hoteli anayolala, mwaka 1964 wakamtumia na barua isiyo na jina ya kumtisha. Kennedy alimpa uanasheria mkuu mdogo wake wa damu. Nixon alimpa meneja wa kampeni yake, John Mitchell, ambaye baadaye alifungwa jela kweli. Kwahiyo mtu akikwambia zamani haki ilikuwa safi, muulize zamani ya lini.

Kilichobadilisha ni jioni moja ya Jumamosi, tarehe 20 Oktoba 1973. Nixon alitaka mchunguzi maalumu wa Watergate, ile kashfa ya watu wake kuvunja ofisi za chama pinzani, Archibald Cox, afukuzwe kwa sababu alikuwa anadai kanda za maongezi ya Ikulu. Akamwagiza Mwanasheria Mkuu Richardson, akakataa, akajiuzulu. Akaja naibu wake Ruckelshaus, naye akakataa, naye akaondoka. Wa tatu kwenye mstari alikuwa Robert Bork, yeye ndo akaweka saini. Nixon alipata alichotaka usiku ule, ila watu walichachamaa kiasi kwamba miezi kumi baadaye alikuwa ameshaondoka Ikulu. Baada ya hapo ndo zikaja taratibu tunazozijua: Levi, mwanasheria mkuu wa Rais Ford, akaiandikia FBI miongozo ya lini inaruhusiwa kumchunguza mtu, mawasiliano ya Ikulu na wizara kuhusu kesi ya mtu yakabanwa yapitie kwa watu wachache wanaojulikana, na mkurugenzi wa FBI akawekewa miaka 10 kwa sheria ya 1976, makusudi ivuke vipindi viwili vya rais yeyote ili asimlambe mtu miguu.

Ila angalia vizuri. Ile miaka 10 ni ukomo, sio ulinzi, rais anaweza kumtoa hata kesho. Comey hata minne hakumaliza, Mei 2017 alikuwa Los Angeles anaongea na wafanyakazi wake, akaiona habari ya kufukuzwa kwake kwenye televisheni ya ukutani mule chumbani, akadhani utani. Na zile taratibu za simu za Ikulu ni memo tu, kila utawala unaandika yake, na anayeandika ndo huyohuyo anayefuta. Kitu kizima kilisimama kwa sababu kila rais aliona aibu kuwa Nixon wa pili. Nakuambia kama mtu niliyefanya kesi za jinai za shirikisho upande wa utetezi miaka mingi, sisi tulifundishwa kama vile ni sheria, kumbe kilichowazuia kilikuwa ni kuona aibu tu.

Halafu Julai 2024 ikaja hukumu ya Mahakama ya Juu, Trump dhidi ya Marekani, majaji 6 kwa 3. Wengi wanaijua kwa habari ya kinga ya rais, mimi iliyonikaa ni sehemu inayosema maongezi ya rais na maofisa wa Wizara ya Sheria kuhusu uchunguzi na mashtaka yamo ndani ya mamlaka yake kikatiba, hashtakiwi kwa hayo. Kilichokuwa kimeachwa wazi kwa miaka 50 kikafungwa, na kikafungwa upande wa rais.

Sasa tuje kwenye kesi unazosikia redioni maana hapo ndo kuna darasa. Septemba 2025, mwendesha mashtaka wa Virginia Mashariki, Erik Siebert, aliyeteuliwa na utawala huohuo wa Trump, aliona ushahidi dhidi ya Comey na Letitia James haujitoshelezi, akasukumwa nje. Kesho yake rais akaandika hadharani mtandaoni, akimwita Mwanasheria Mkuu Pam Bondi kwa jina, akiuliza kwa nini hawa watu bado hawajaguswa. Nafasi ya Siebert akapewa Lindsey Halligan, mwanasheria wa Ikulu ambaye hajawahi kuendesha mashtaka. Siku chache baadaye, tarehe 25, Comey akashtakiwa kwa kulidanganya Bunge, zimebaki siku tano tu muda wa kushtaki uishe, kwa sababu ushahidi wake bungeni ulikuwa wa tarehe 30 Septemba 2020 na kosa hilo lina miaka 5. Oktoba 9 akafuata James, mwanasheria mkuu wa jimbo la New York aliyewahi kumshtaki Trump kesi ya madai, yeye kwa mkopo wa nyumba iliyoko Norfolk.

Sisi mawakili tulikaa tukisubiri hoja kubwa ijibiwe, ile ya mashtaka ya kisasi. Hiyo hoja kuishinda ni kama kukamua maziwa kwa beberu, maana lazima uthibitishe nia mbaya, na nani anaandika nia yake mbaya? Safari hii ilikuwa imeandikwa, dunia nzima inasoma. Lakini haikufika. Novemba 24 Jaji Currie alizifuta kesi zote mbili kwa jambo la kikarani kabisa: sheria inampa Mwanasheria Mkuu siku 120 za kuweka mwendesha mashtaka wa muda, zikiisha ni majaji wa eneo lile ndo wanaweka. Siku zile zilishamalizwa na Siebert, kwahiyo Halligan hakuwa na uhalali, na aliyeyapeleka mashtaka yale alikuwa yeye peke yake. Wakajaribu upya kwa James mwezi Desemba, mara mbili, juri kubwa ikawakatalia mara mbili.

Hii juri kubwa nikueleze, maana magazeti yetu huwa yanaandika "jopo la majaji" na sio majaji hata kidogo. Ni raia 16 mpaka 23, mpishi, mwalimu mstaafu, dereva kama wewe, wanafungiwa chumbani na mwendesha mashtaka, jaji hayumo, na 12 wakinyanyua mkono mtu ameshtakiwa. Wakili wa utetezi haingii. Nimeshakaa kwenye benchi la korido masaa matatu mteja wangu yuko ndani kama shahidi, kila akipigwa swali linalomtisha anaomba ruhusa, mlango unafunguka, anakuja kuninong'oneza huku mikono imelowa jasho, namwambia maneno mawili, anarudi. Unachosikia wewe uliyebaki nje ni kiyoyozi tu. Kwa miaka yote tuliiona ile chumba kama mhuri, chochote kinachopelekwa kinagongwa. Ndo maana yaliyotokea 2025 yalitushangaza. Sio James tu, Agosti hiyo Washington jamaa mmoja alimrushia afisa wa shirikisho sandwichi kifuani, wakaenda kutafuta shtaka kubwa, juri kubwa ikagoma, wakalishusha likawa dogo, na Novemba juri ya kesi ikamwachia, pamoja na afisa kusimama kizimbani kueleza alivyosikia harufu ya kitunguu na haradali.

Lakini usije ukaondoka hapa na furaha, maana breki zote hizo ni za upande mmoja. Kumshtaki mtu kunahitaji watu wengi wakubali: ofisa wa FBI, mwendesha mashtaka, juri kubwa, jaji, juri ya pili. Kuacha kumshtaki kunahitaji mtu mmoja tu. Februari 2025 wizara iliagiza kesi ya rushwa ya meya wa New York, Eric Adams, ifutwe, na sababu yenyewe haikuwa ushahidi, walisema inamzuia kusaidia mambo ya uhamiaji. Danielle Sassoon, kaimu mwendesha mashtaka pale Manhattan, mhafidhina wa kweli kabisa, aliandika barua akajiuzulu, na wengine kadhaa wakamfuata. Wizara ilitaka kesi ifutwe kwa namna ambayo inaweza kufunguliwa tena, yaani ile kamba ibaki shingoni kwa meya na mwisho wake mkononi mwa wizara. Hapo jaji anatakiwa aridhie, na Jaji Dale Ho aliandika kwamba jambo lote linanuka kama biashara ya kupeana, lakini hakuwa na uwezo wa kuilazimisha serikali iendeshe kesi isiyoitaka. Alichoweza ni kuikata ile kamba: Aprili akaifuta moja kwa moja, isifunguliwe tena. Na kwenye msamaha hata jaji hayupo, wale wa Januari 6, walioshtakiwa kwa uvamizi wa Bunge mwaka 2021, kama 1,500 waliguswa kwa siku moja.

Hao wenzako wa chama cha Republican watakwambia huu mchezo ulianza kwa Biden, Trump alipofunguliwa kesi mbili za shirikisho mwaka 2023. Mimi sikubaliani nao moja kwa moja, kesi zile aliwekwa mchunguzi maalumu Jack Smith makusudi iwepo umbali na rais, lakini siwezi kumlaumu mtu asiyeamini umbali ambao hauonekani kwa macho, na Biden naye alipomsamehe mwanawe Desemba 2024, baada ya kusema hatamsamehe, na akatoa sababu kwamba siasa imeingia kwenye kesi ya mtoto, alitoa tofali lake kwenye ukuta uleule.

Inakuhusu nini wewe? Kesi ya kubambikiwa na wakubwa labda hutaipata, ila kifungu alichoshtakiwa nacho Comey, 1001, ndo hichohicho kinachowanasa watu wa kawaida kila mwaka. Kumdanganya ofisa wa shirikisho ni kosa, hata hukuapa, hata mko mnaongea mlangoni na wewe umevaa kandambili, miaka mpaka 5, na kwa mtu wa grini kadi kosa la uongo linaweza kukugusa mpaka kibali cha kukaa. Kunyamaza sio kosa. Kwahiyo wakija wamevaa vizuri wanatabasamu wanakuuliza "wewe mwezi ule ulipita El Paso?" usiseme sikupita ili waondoke ukalale. Sema nitaongea nikiwa na wakili, chukua kadi zao, funga mlango taratibu. Kile kifaa cha kurekodi masaa kwenye lori lako kinakumbuka El Paso kuliko wewe, na kuna uwezekano wameshakisoma kabla ya kubisha hodi.